Nalipa kwa wakati kila mwezi, mbona alama zangu za mkopo zimeshuka?

*“Nina mkopo wa miezi 36 na kadi moja ya mkopo. Kwenye mkopo nimebakiza marejesho 5. Kadi huwa nailipa yote kila mwezi, sibakizi kitu. Muda wote huo nimechelewa mara moja tu, siku 9, mwaka jana, mshahara ulipochelewa. Wiki iliyopita niliangalia alama zangu za mkopo nikakuta zimeshuka pointi 31 kutoka mwezi uliotangulia, na sijakosea chochote! Mfanyakazi mwenzangu anasema kosa langu ni kulipa kadi yote. Nibakize deni kidogo ili kampuni ya kadi ipate riba, ndipo alama zitapanda. Ni kweli? Au zile siku 9 ndizo zinaniadhibu? Na je, nimalizie mkopo wote sasa ili alama zipande haraka? Mwakani nataka kuomba mkopo wa nyumba.”*

Ndugu yangu, maswali yako ni matatu lakini kinachokuuma ni kimoja: umelipa kama ulivyoambiwa ulipe, halafu namba imekwenda chini. Nakupa kwanza majibu mafupi ili usisome huku roho iko juu. Malipo yako ya kila mwezi hayajapotea. Ndiyo yanayoibeba hiyo namba hadi leo. Siku zako 9, kwa mifumo mingi, hazikufika hata kwenye faili. Mwenzako amekupa ushauri utakaokula pesa zako bila kukuongezea pointi. Na mkopo, kama utaumaliza mapema, umalize kwa sababu ya riba, usiumalize kwa sababu ya alama.

Maelezo yake ni marefu kidogo. Bila kuelewa jinsi mashine inavyokuona, utaendelea kushtuka kila unapofungua programu kwenye simu.

Watu wengi huichukulia alama ya mkopo kama cheti cha tabia: ukiwa mwema inapanda, ukikosea inashuka. Ingekuwa hivyo, pointi zako 31 zingekuwa dhuluma ya wazi. Lakini alama ni ubashiri. Chukua mfano wa FICO, kampuni ya Marekani ambayo Bill Fair na Earl Isaac waliianzisha mwaka 1956, na ambayo mwaka 1989 ilileta alama ya jumla inayotumiwa na wakopeshaji wa kila aina. Alama zake za kawaida huanzia 300 na kuishia 850. Nyuma ya namba hiyo kuna swali moja la kitakwimu: kati ya watu ambao faili zao zinafanana na hili, wangapi watachelewa kulipa deni kwa siku 90 au zaidi ndani ya miezi 24 ijayo? Wakitarajiwa kuwa wachache, alama huwa juu. Wakitarajiwa kuwa wengi, huwa chini. Mashine haijui kwamba ulijinyima ili ulipe. Haijui hata mshahara wako. Kipato hakimo kabisa kwenye hesabu ya FICO.

Nitaendelea kuitumia FICO kama mfano kwa sababu imetangaza uzito wa kila kipengele. Nchi nyingine zina taasisi zao za taarifa za mikopo, zenye kanuni zao na vipimo vyao, lakini zinatazama mambo yale yale kwa kiasi kikubwa. Historia ya malipo inachukua asilimia 35. Kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganisha na kikomo cha kadi zako, asilimia 30. Urefu wa historia yako asilimia 15, maombi mapya ya mikopo asilimia 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo asilimia 10.

Hebu zitazame tena hizo namba mbili za kwanza. Kulipa kwa wakati ndiko kuzito kuliko vyote, ndiyo, lakini hata nusu hakufiki. Mtu anaweza kuwa hajachelewa maisha yake yote na alama zikapanda na kushuka kila mwezi kwa sababu ya ile asilimia 30 inayofuata. Nakisia kwamba ndicho kilichokupata, na nitakionyesha kwa hesabu. Kwanza tuzimalize siku 9.

Ukiomba ripoti yako kamili ya mikopo (ripoti, si alama tu), utakuta kila akaunti ina safu ya viboksi vidogo, kimoja kwa kila mwezi. Mwezi uliolipwa vizuri huwekwa alama ya kawaida. Mwezi ulioharibika huandikwa 30, au 60, au 90. Hizo ni siku za kuchelewa kwa mafungu. Kwa utaratibu wa Marekani, mkopeshaji hatangazi kuchelewa kwako mpaka siku 30 kamili zipite baada ya tarehe ya kulipa. Ukilipa siku ya 9, kiboksi kinabaki safi. Ukilipa siku ya 29, bado ni safi, ingawa mimi nisingependa uishi hivyo.

Hiyo haimaanishi siku 9 zilikuwa bure. Ulitozwa faini ya kuchelewa, huenda na riba ya ziada, na mkopeshaji wako mwenyewe ameziandika kwenye kumbukumbu zake za ndani. Ukienda kuomba mkopo wa nyumba kwake yeye yule, ataziona, hata kama mkopeshaji wa mtaa wa pili haoni kitu. Jambo jingine: si kila mahali wanahesabu kwa mafungu ya siku 30. Wapo wakopeshaji wanaotuma idadi ya siku zenyewe. Kwa hiyo usiniamini mimi kwenye hili. Fungua ripoti, tafuta mwezi ule wa mwaka jana, utazame kiboksi chake kwa macho yako.

Hata kama ungekuta namba pale, isingekuwa sababu ya alama kushuka *wiki iliyopita*. Kosa la malipo huuma zaidi likiwa bichi, kisha makali yake hupungua kadiri miezi inavyosogea. Mashine huuliza mambo matatu kuhusu kuchelewa: ni lini, kwa kiasi gani, na mara ngapi. Siku 30 za miaka minne iliyopita si sawa na siku 30 za juzi, na siku 30 mara moja si sawa na siku 90. Doa la mwaka jana haliwezi kulala miezi yote hiyo kisha likaamka ghafla mwezi huu na kukuondolea pointi 31.

Sasa tuje kwenye kadi, maana hapa ndipo mambo yalipo.

Taasisi ya taarifa za mikopo haikufuatilii siku kwa siku. Inaletewa picha, moja kwa mwezi, na kila mkopeshaji. Kwa kadi, picha hiyo kwa kawaida hupigwa siku ya kufunga mahesabu ya mwezi, yaani siku taarifa yako ya kadi inapotengenezwa. Siku hiyo si ile ya mwisho wa kulipa. Kati yake na tarehe ya mwisho ya kulipa kuna wiki tatu hivi, na katika wiki hizo tatu ndimo watu waaminifu kama wewe wanapopata mshangao.

Tuseme kikomo cha kadi yako ni 100,000; sarafu weka yako. Mahesabu hufungwa tarehe 20, na mwisho wa kulipa ni tarehe 12 ya mwezi unaofuata. Kwa kawaida unatumia kama 14,000 kwa mwezi. Mwezi huu jokofu limekufa, tarehe 11 umenunua jipya la 58,000 kwa kadi kwa kuwa pesa unayo na unajua utalipa. Tarehe 20 kadi inasoma 72,000. Picha inapigwa. Tarehe 10 unalipa 72,000 zote, siku mbili kabla ya mwisho, hubakizi hata senti. Roho safi.

Lakini picha iliyokwisha kwenda inasema: kikomo 100,000, deni 72,000, hajachelewa. Mwezi uliotangulia ilisema deni 14,000. Kwa macho ya mashine, umetoka kutumia asilimia 14 ya kikomo chako hadi asilimia 72 ndani ya siku 30. Wewe unajua ni jokofu. Mashine inalinganisha na watu wengine ambao kadi zao zilijaa ghafla, na wengi wao hawakuwa na jokofu wala pesa za kulilipia. Inakuweka nao kundi moja kwa muda.

Ona kwamba taarifa zote mbili ni za kweli. Hujachelewa, na kadi ilijaa. Kiboksi cha malipo kimebaki safi, na kile cha deni kimevimba. Ndiyo maana ulitafuta kosa usilione.

Habari njema ni kwamba katika matoleo mengi ya alama yanayotumika sasa, kiwango cha matumizi ya kadi hakina kumbukumbu. Mwezi ujao picha ikisema 14,000, sehemu kubwa ya zile pointi hurudi zenyewe bila wewe kufanya lolote. Matoleo mapya zaidi, kama FICO 10T na VantageScore 4.0 (alama inayoshindana na FICO), huangalia mwenendo wa miezi 24 iliyopita, lakini hata huko mtu anayelipa kadi yote kila mwezi huonekana vizuri kuliko anayebeba deni linaloongezeka taratibu.

Kama hutaki hata huo mtikisiko wa mwezi mmoja, dawa yake ni tarehe. Kwenye mfano wetu, ungelipa 58,000 za jokofu tarehe 16 au 17, kabla mahesabu hayajafungwa, picha ingekuta 14,000 tu. Pesa ni ile ile, mfuko ni ule ule, umetofautisha wiki tatu. Sikushauri ufanye hivyo kila mwezi, maana utageuka mtumwa wa kalenda. Fanya miezi miwili au mitatu kabla ya kuomba mkopo mkubwa, basi.

Utasikia pia kwamba asilimia 30 ya kikomo ndiyo mpaka, ukivuka umekwisha. Hakuna ukuta hapo. Ni mteremko: kadiri unavyotumia kidogo kulinganisha na kikomo, ndivyo bora, na wenye alama za juu kabisa mara nyingi wako chini ya asilimia 10. Kwa sababu hiyo hiyo usifunge kadi ya zamani kwa hasira. Ukiifunga, kikomo chako chote kinapungua na asilimia ya matumizi inapanda hata kama hujaongeza deni.

Tuje kwa mwenzako. Sitamlaumu sana, kwa sababu amesikia nusu ya habari iliyo kweli. Nusu hiyo ni hii: ikiwa kadi zako zote zinaonyesha sifuri siku ya picha, mwezi baada ya mwezi, mashine haioni unazitumia, na unaweza kukosa pointi chache ambazo mtu mwenye deni dogo kwenye taarifa angezipata. Kwa hiyo deni dogo *kwenye taarifa ya mwezi* halina ubaya. Lakini taarifa ikishatoka, lipa yote. Kubakiza deni baada ya tarehe ya mwisho ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo alipochanganya.

Riba unayolipa haiandikwi kwenye ripoti. Taasisi haijui kama mwezi huu umemlipa mkopeshaji 200 za riba au hujamlipa kitu. Tuseme umebakiza 10,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka: hizo ni kama 200 kila mwezi, 2,400 kwa mwaka, kwa kununua kitu ambacho hakipo. Halafu kuna mtego ambao wengi hawausomi kwenye mkataba. Kadi nyingi hukupa kipindi kisicho na riba kwa sharti la kulipa taarifa iliyopita yote. Ukibakiza hata kidogo, kipindi hicho huondoka, na manunuzi mapya huanza kutozwa riba tangu siku ya kununua. Kwa hiyo hizo 200 ni mwanzo tu.

Upande wa pili wa jambo hilo una faraja kwa mtu aliyebanwa. Mwezi ambao huna uwezo wa kulipa yote, kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye taarifa kinatosha kuhesabiwa kuwa umelipa kwa wakati. Kiboksi kinabaki safi. Deni litakula riba, na asilimia ya matumizi itakuumiza kidogo, lakini hilo linarudi. Namba 30 kwenye kiboksi hairudi upesi hivyo: Marekani hukaa miaka 7, Uingereza miaka 6. Ukilazimika kuchagua kati ya kulipa kadi moja yote na kuiacha nyingine bila kitu, au kulipa kila moja kiwango chake cha chini, chagua la pili.

Na mkopo wa marejesho 5? Hapa nataka tuweke namba mezani, maana watu huzungumzia kumaliza mkopo kwa mioyo yao na si kwa kikokotoo. Tuseme ulikopa 600,000 kwa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa kwa deni linalobaki. Rejesho la mwezi ni karibu 21,690. Rejesho la kwanza, 9,000 zilikwenda kwenye riba. Sasa umebakiza 5, deni lenyewe ni karibu 103,700, na riba ya mwezi huu ni kama 1,560 tu. Ukilipa zote leo, unaokoa takriban 4,700, kati ya riba yote ya karibu 181,000 ambayo mkopo mzima ungekugharimu. Riba uliilipa mwanzoni, umechelewa kuikwepa. Ukitozwa ada ya kumaliza mapema, huenda hata hizo 4,700 zisibaki. Na kama mkopo wako ni wa riba bapa, ile inayohesabiwa kwa kiasi cha awali tangu mwanzo hadi mwisho, muulize mkopeshaji kwa maandishi kama kumaliza mapema kunapunguza chochote. Wengine hawapunguzi kitu.

Kwa alama, kumaliza mkopo si zawadi. Mkopo unaoendelea kulipwa vizuri na uliokaribia kwisha ni mojawapo ya vitu vizuri kuwa navyo kwenye faili: mashine inaona deni lililopungua sana na viboksi 31 safi nyuma yake. Ukiufunga, historia yake nzuri haifutwi. Marekani akaunti iliyofungwa vizuri hubaki kwenye ripoti hadi miaka 10. Lakini unabaki na kadi peke yake, bila mkopo wa marejesho ulio hai, na watu wengi huona alama zikitelemka kidogo baada ya hapo. Si jambo la kukunyima usingizi, na siku moja lazima litokee. Ila usitoe pesa mfukoni ukidhani unanunua pointi.

Ushauri wangu kwako: endelea na marejesho kama kawaida, hizo 103,700 ziweke kando kwa ajili ya malipo ya awali ya nyumba. Ningekuwa na ushauri mwingine kama mkopo ungekuwa na miezi 30 mbele yake, au kama rejesho hilo lingekuwa linakufanya ukope kwingine. Mkopeshaji wa nyumba, tofauti na mashine ya alama, huuliza kipato, na anatazama marejesho yako ya kila mwezi ni sehemu gani ya mshahara. Kama rejesho la sasa ndilo linalokuzuia kufikia kiwango anachotaka, basi kulimaliza kabla ya kuomba kuna maana. Sababu ni kipato, alama haimo.

Kuna jambo moja kuhusu kulipa kwa wakati ambalo watu hawapendi kulisikia. Kila mwezi unaolipa vizuri haukupi pointi tano au kumi zilizopangwa. Mwanzoni, faili likiwa jipya, kila kiboksi safi kina uzito unaouona. Baadaye faili likijaa, mwezi safi mmoja zaidi kati ya arobaini hausogezi kitu. Lakini mwezi mmoja mbovu katika faili safi huanguka kama sahani, na aliye juu huanguka zaidi ya aliyekwisha kuwa chini, kwa sababu ubashiri wake ndio uliobadilika sana. Ni kazi ya upande mmoja: unajenga kidogo kidogo na unaweza kubomoa kwa usahaulifu.

Nasema usahaulifu kwa makusudi. Faili baya zaidi nililowahi kuliona kwa mtu mwenye pesa zake lilikuwa la mama mmoja aliyekuja na karatasi zake zimepangwa kwa rangi. Mkopo wa gari, safi. Kadi kuu, safi. Chini kabisa kulikuwa na kadi aliyoichukua kwa safari moja na kuitupa kwenye droo. Ada ya mwaka ilikatwa humo, kiasi ambacho asingekiokota kikianguka, na taarifa zilikuwa zikienda kwenye barua pepe ya kazi ya zamani. Kiboksi cha kwanza 30, cha pili 60. Alipoiona alicheka kwanza, halafu akanyamaza. Mashine haikuuliza deni ni dogo kiasi gani. Iliona siku 60.

Kwa hiyo, hata kama wewe ni mtu makini, weka makato ya moja kwa moja ya kiwango cha chini kwenye kila kadi, hata ile usiyoitumia, kisha kinachobaki lipa kwa mkono wako mwenyewe. Makato hayo ni kamba ya usalama tu. Na kama mshahara wako hucheza tarehe kama ulivyosema, piga simu uombe tarehe ya kulipa isogezwe wiki moja baada ya siku ya mshahara. Wakopeshaji wengi hukubali, na ni simu ya dakika kumi. Siku zako 9 zisingetokea.

Mengine ni mafupi. Kuangalia alama zako mwenyewe hakuzishushi hata kidogo, angalia utakavyo. Kinachoweza kugusa alama ni mkopeshaji anapokukagua kwa sababu umeomba mkopo, kwa hiyo mwaka huu usiombe kadi za dukani kwa ajili ya punguzo la siku moja. Ukianza kuzungukia wakopeshaji wa nyumba kulinganisha riba, fanya hivyo ndani ya wiki mbili. FICO huhesabu maombi ya namna hiyo yaliyo karibu karibu kama ombi moja. Na hakikisha mkopeshaji wako anapeleka taarifa kweli. Wapo ambao hupeleka mabaya tu, na wengine hawapeleki chochote, ukalipa miaka mitatu kwa uaminifu bila mtu kujua isipokuwa yeye. Ukikuta mkopo wako haumo kwenye ripoti, omba barua ya mwenendo wa malipo. Afisa wa mkopo wa nyumba anaweza kuisoma hata kama mashine haiwezi.

Tena, usitazame ripoti ya taasisi moja tu. Marekani, kwa mfano, zipo kubwa tatu, Equifax, Experian na TransUnion, na si kila mkopeshaji hupeleka kwa zote. Ndiyo maana alama mbili za siku moja zinaweza kutofautiana na zote zikawa sahihi. Ukikuta kosa la kweli, rejesho ulilolipa limeandikwa hujalipa, pinga kwa maandishi kwa taasisi na kwa mkopeshaji, ukiambatanisha risiti. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 kuhusu taarifa za mikopo inawapa kwa kawaida siku 30 kuchunguza. Nchi nyingi zina muda wao uliowekwa.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi, ukae na mtu ana kwa ana. Ukikuta kwenye ripoti akaunti usiyoijua, usisubiri mwezi upite. Nenda kwa mkopeshaji aliyetajwa na kwa polisi, kwa sababu kuna mtu anakopa kwa jina lako. Ukianza kutumia kadi kulipia mkopo, au mkopo kulipia kadi, tafuta mshauri wa madeni, hasa wa shirika lisilo la faida, akusaidie kupanga kabla hujachelewa. Na ukiona mwezi unakuja ambao hutaweza kulipa, nenda kwa mkopeshaji *kabla* ya tarehe, siyo baada. Aliyefika mapema na pendekezo mkononi husikilizwa kuliko anayepigiwa simu. Akikubali kubadilisha ratiba, uliza swali moja zaidi na ulipate kwa maandishi: makubaliano haya yataandikwaje kwenye ripoti yangu?

Mkimbie mtu yeyote anayekuahidi kufuta kumbukumbu ya kweli kwa malipo ya kutanguliza. Marekani iliipiga marufuku biashara hiyo ya kulipisha kabla ya kazi kwa sheria ya mwaka 1996. Kumbukumbu ya kweli hufutwa na muda tu, na ya uongo unaweza kuipinga mwenyewe bure.

Kwa wiki hii una kazi mbili. Chukua taarifa zako mbili za mwisho za kadi, angalia deni la siku ya kufunga mahesabu kwenye kila moja, uligawanye kwa kikomo. Kama ile ya mwezi uliopita iko juu sana kuliko iliyotangulia, umepata pointi zako 31 zilikokwenda, na ukisubiri picha mbili zinazofuata utaziona zikirudi. Kama asilimia zote mbili zinalingana, basi kisio langu ni baya na kuna kitu kingine: ombi jipya, kikomo kilichopunguzwa bila wewe kujua, au kosa kwenye faili. Hapo omba ripoti kamili, uipitie mstari kwa mstari ukianzia na akaunti usiyoitumia.